Kwa Nini Wasaka Mizuka Huzima Taa

Klipu zao hazikosekani kwenye simu. Watu watatu au wanne, Wamarekani au Waingereza, wamo ndani ya jengo bovu usiku wa manane. Picha nzima ni ya kijani, macho yao yanang'aa. Mmoja anauliza gizani kama kuna mtu. Kifaa alichoshika kinawaka taa nyekundu, wote wanashtuka, mmoja anatimua mbio. Klipu ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maswali hayachelewi. Ina maana Wazungu wamepata mashine ya kuona wafu? Sayansi imekubali? Kama hakuna kitu pale, mbona kifaa kimewaka?

Hilo la mwisho ni swali zuri sana, na lina majibu ambayo hayamtaki mtu aache imani yake wala aipate. Yanamtaka ajue kwanza vifaa hivyo vilitengenezwa kwa kazi gani, na mtindo ule wa kutembea gizani ulitoka wapi. Ulitoka kwenye televisheni, na umri wake hauzidi sana miaka ishirini.

Tuelewane kwanza maneno. Mzuka, katika makala haya, ni kile ambacho watu hao wanakiamini kuwa roho ya marehemu inayoonekana, kusikika au kuhisiwa mahali fulani. Msaka mizuka ni mtu anayekwenda mahali hapo kwa makusudi akiwa na vifaa vya kurekodi. Wengi ni wa ridhaa: siku za kazi ni nesi, mwalimu au dereva wa lori, na Jumamosi usiku anabeba begi la vifaa na kuondoka na wenzake. Kipindi cha uhalisia ni kipindi cha televisheni ambacho washiriki hawakariri maneno ya mchezo wa kuigiza, lakini ambacho kimepangwa, kimerekodiwa kwa saa nyingi, kisha kikakatwa na kuunganishwa upya ili mtazamaji asibadilishe chaneli.

Televisheni haikuwa ya kwanza kusaka mizuka. London ilikuwa na klabu ya watu wa aina hiyo tangu 1862, na mwaka 1882 ikaanzishwa jumuiya ya utafiti wa mambo ya roho, yenye maprofesa ndani yake. Hata ridhaa haikuanza jana. Mwaka 1937 Mwingereza Harry Price alikodi nyumba ya kasisi pale Borley, Essex, iliyosifika kwa vituko, akatoa tangazo kwenye gazeti la The Times kutafuta watu wa kulala humo na kuandika watakachokiona. Alipata waangalizi 48, akawapa kijitabu cha maelekezo. Mwaka mmoja kabla alikuwa amekwishawapeleka wasikilizaji wa redio ya BBC ndani ya nyumba nyingine yenye sifa hizo, moja kwa moja, usiku.

Lakini kwa miongo mingi hiyo ilibaki shughuli ya watu wachache wenye muda na vitabu. Kilichoifikisha kwa dereva wa lori ni vipindi viwili.

Cha kwanza ni Most Haunted, kilichoanza Uingereza mwaka 2002. Mtangazaji wake, Yvette Fielding, alikuwa ameshazoeleka na watoto wa nchi nzima kupitia Blue Peter, kipindi cha watoto cha televisheni, na sasa walimwona akipiga mayowe kwenye mahandaki na magereza ya zamani, akiwa na mpiga ramli aliyedai kuzungumza na wafu. Cha pili ni Ghost Hunters cha Marekani, kilichoanza tarehe 6 Oktoba 2004. Hiki ndicho kilichobadilisha mambo zaidi, na sababu yake inastahili kuangaliwa kwa utulivu.

Wahusika wakuu wa Ghost Hunters, Jason Hawes na Grant Wilson, walikuwa mafundi bomba. Walifanya kazi katika kampuni ya kuzibua mabomba huko Rhode Island, na kipindi kiliwaonyesha wakizibua vyoo mchana na kusaka mizuka usiku. Hawakuwa na shahada ya fizikia wala kipaji cha uganga. Walipoitwa kwenye nyumba ya mtu, walianza kwa kukagua: mlango unajifunga kwa sababu bawaba zimelegea, mlio ukutani ni wa bomba, mama anajisikia vibaya chumbani kwa sababu nyaya za umeme zilizo chini ya kitanda zimechakaa. Fundi bomba anajua kwa nini nyumba hulia usiku. Mtazamaji aliyekaa kwenye kochi aliwatazama akajisemea kwamba kazi hiyo hata yeye anaiweza.

Na wengi walianza kuifanya. Kikundi cha Hawes na Wilson kilikubali vikundi washirika katika majimbo mengine. Vinasa sauti vya dijitali vilikuwa vimeshuka bei, kamera za video pia, na intaneti ilimwezesha kila mtu kutundika alichonasa. Mwanajiolojia wa Marekani Sharon Hill alipochunguza tovuti za vikundi vya namna hiyo alipata 1,000 za kuzipitia bila shida, na nyingi zilijinadi kwa lugha ya sayansi: uchunguzi, ushahidi, data. Mwaka 2008 kikaja Ghost Adventures, ambacho kilipunguza ukaguzi wa mabomba na kuongeza kelele, na kizazi kingine kikajifunza kutoka hapo.

Sasa turudi kwenye giza, kwa sababu hapo ndipo fundo lote lilipo.

Kwa nini wanazima taa? Ukisoma masimulizi ya zamani ya mizuka, mengi yanatokea mchana: mtumishi amekutana na bibi aliyevaa nguo nyeupe kwenye ngazi baada ya chakula cha mchana. Hakuna kanuni inayosema roho huogopa balbu. Lakini kamera inayoona gizani kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu halioni, hutoa picha ya kijani au ya kijivu, nyuso zinabadilika, na mtazamaji hawezi kuona kilicho nyuma ya mtu. Hiyo ni televisheni nzuri. Uchunguzi unaharibika hapo hapo, maana umemnyima mchunguzi macho yake, kisha unamuuliza ameona nini.

Kwa nini wanakaa usiku mmoja? Kwa sababu wafanyakazi wa kipindi wanalipwa kwa siku, na kesho wana jengo lingine. Kwa nini kila ziara inazaa jambo? Kwa sababu kamera kadhaa zimerekodi usiku kucha, na kinachorushwa ni chini ya saa moja. Saa nyingi ambazo watu wamekaa kwenye sakafu ya baridi bila chochote kutokea zimekatwa. Mtu wa ridhaa hakuziona saa hizo. Alijifunza utaratibu wa upigaji picha akadhani amejifunza utaratibu wa utafiti, na akaufuata kwa bidii na kwa moyo safi. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo vipindi hivi vimefanya. Vimewapa watu wadadisi, walio tayari kukesha kwa gharama zao, ratiba ya mtayarishaji wa vipindi badala ya njia ya kupata jibu.

Vifaa navyo vina historia yao. Kile chenye taa tano kuanzia kijani hadi nyekundu huitwa K2. Kinapima nguvu za sumaku-umeme, na kiliundwa ili mtu aweze kukagua nyaya na vyombo vya umeme nyumbani kwake. Kinawaka karibu na friji, karibu na nyaya zilizopita ukutani, karibu na redio za mkononi ambazo wasaka mizuka wenyewe hutumia kuwasiliana, na karibu na simu ya mkononi inapotafuta mtandao ikiwa mfukoni mwa mtu. Kifaa hakidanganyi. Kimepima kitu cha kweli. Ni sawa na kipimajoto: kitakuambia mtoto ana nyuzi 39, hakitakuambia kama ni malaria, homa ya matumbo au meno. Kutoka kwenye taa nyekundu hadi kwenye roho ya marehemu kuna safari ndefu, na safari hiyo kifaa hakijaifanya. Aliyeifanya ni mtu aliyekishika.

Kinasa sauti kina hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1959 Friedrich Jürgenson alikuwa akirekodi ndege huko Sweden, na alipourudisha mkanda akasikia sauti ya mtu. Baadaye Konstantin Raudive, mtu wa Latvia, alikusanya maelfu ya sauti za namna hiyo. Leo msaka mizuka anauliza swali, anakaa kimya kwa sekunde kadhaa, kisha nyumbani anasikiliza rekodi ile tena na tena kwa kuikuza sauti. Ubongo wa binadamu umeumbwa kutafuta maneno na nyuso, hata palipo na mchanganyiko mtupu. Jaribu mwenyewe: mpe mtu klipu hizo bila maandishi chini, mwambie aandike anachosikia. Kisha mpe mwingine. Majibu hayalingani. Ukishaweka maandishi yanayosema "ondokeni humu", wote wawili wataanza kusikia "ondokeni humu".

Kisanduku cha roho, kile kinachotoa vipande vipande vya maneno, ni redio. Mmarekani Frank Sumption alikiunda mwaka 2002. Kinapita kwenye masafa ya redio haraka bila kusimama, kikiokota silabi ya mtangazaji hapa, kipande cha wimbo pale, tangazo la sabuni kule. Wasikilizaji wanaunganisha. Ukiuliza maswali ya kutosha na kungoja vya kutosha, kitatoka kitu kinachofanana na jibu, hasa kama uko tayari kulipokea jibu lolote.

Zile duara nyeupe zinazoelea kwenye picha hazihitaji maneno mengi. Kamera ndogo za dijitali zina taa ya kumulika iliyokaribiana sana na lenzi. Chembe ya vumbi, mdudu au tone la unyevu likipita mbele yake linamulikwa likiwa nje ya fokasi, linatokea kama duara. Jengo bovu lenye watu wanaotembea huku na huko lina vumbi la kutosha. Hata wasaka mizuka wengi wameacha kuzihesabu.

Ile kamera inayochora kiumbe cha vijiti chenye mikono na miguu ndiyo inayowatisha watu wetu zaidi. Asili yake ni Kinect, kifaa cha michezo ya kompyuta kilichotolewa na Microsoft mwaka 2010. Kinatawanya nukta za infraredi chumbani, na programu yake inatafuta umbo la binadamu ili mchezaji aweze kucheza kwa kutumia mwili wake. Imefundishwa kutafuta mtu. Ukiielekeza kwenye koti lililotundikwa au kwenye kiti, mara nyingine itampata mtu huyo na kumchora.

Je, wanaoonekana kwenye televisheni wanadanganya? Swali hili lina majibu ya aina mbalimbali, na tukio moja linaeleza mengi. Most Haunted kilikuwa na mwanasaikolojia, Ciarán O'Keeffe. Mwaka 2005 aliliambia gazeti la Daily Mirror kwamba alimtilia shaka Derek Acorah, mpiga ramli wa kipindi. Kabla ya kurekodi kwenye gereza la zamani la Bodmin, O'Keeffe alibuni mlinzi wa gereza kutoka Afrika Kusini ambaye hajawahi kuwapo duniani, akampa jina Kreed Kafer, akaliandika kwenye karatasi na kumwomba mfanyakazi mwingine alitaje mbele ya Acorah. Kamera zilipowashwa, Kreed Kafer akampanda Acorah kichwani na kuzungumza. Ukizipanga upya herufi za jina hilo unapata maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kwamba Derek ni mghushi. Acorah alizikana tuhuma. Mwaka huo huo Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, ilipokea malalamiko ya watazamaji na ikaamua kwamba kipindi hicho ni cha burudani, kwa hiyo hakipimwi kwa kanuni za uchunguzi wa kweli.

Uamuzi huo uliwalinda watayarishaji. Watu waliokuwa wamekwishanunua vifaa na kuunda vikundi kwa kufuata mfano wa kipindi hawakuwa na Ofcom ya kuwaambia kwamba walichokiiga kilikuwa burudani.

Kwa wenye majengo, kuiga huko ni riziki. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Weston, West Virginia, ilijengwa kwa ajili ya wagonjwa 250. Miaka ya 1950 walifika 2,400 hivi, wakilala kwa kubanana katika hali ya kusikitisha. Ilifungwa 1994. Mwaka 2007 iliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 1.5, na leo watu wanalipa tiketi kukesha humo wakisaka mizuka. Fedha hizo zimesaidia kulikarabati jengo ambalo lingeanguka. Hata hivyo, kumwita mgonjwa aliyeteseka, kumpa jina la kubuni na kumchokoza gizani ili ajibu kwa redio, ni jambo linaloniuma. Wagonjwa wale walikuwa na majina yao na ndugu zao.

Mengine yaliishia vibaya zaidi. Karibu na mji wa Statesville, North Carolina, kuna daraja ambapo treni ilianguka tarehe 27 Agosti 1891 na kuua watu zaidi ya 20, na inasemekana treni ya mzuka hupita kila mwaka siku hiyo. Usiku wa kuamkia kumbukumbu hiyo mwaka 2010, kikundi cha wasaka mizuka kilikwenda kuingoja pale darajani. Ikaja treni ya kweli. Kijana mmoja alikufa. Mwaka 2013 huko Arabi, Louisiana, nyumba ya LeBeau iliyojengwa 1854 iliteketea. Polisi waliwakamata wanaume saba waliokuwa wameingia bila ruhusa kusaka mizuka.

Hapa kwetu, vipindi hivi vinachanganywa na imani za pwani, na vitu hivi viwili havifanani. Mtu anayesumbuliwa na pepo Unguja au Mombasa hapimwi kwa kifaa. Ataulizwa pepo huyo ni nani, anatokea wapi, anataka nini; kuna ngoma, kuna mafusho, kuna kisomo, na jamaa wote wapo. Hata asiyeamini anaona kwamba kinachoshughulikiwa ni mgonjwa na watu wake. Msaka mizuka wa Marekani anaondoka na rekodi, na mwenye nyumba anabaki na hofu yake, wakati mwingine ikiwa kubwa zaidi kwa sababu sasa ameambiwa imethibitishwa na mashine.

Lipo kosa lingine, la upande wa pili: kusema kwamba anayehisi kitu ni mwongo au mjinga. Watu wanahisi kweli. Mwaka 2009 kituo cha utafiti cha Pew kilikuta Wamarekani 18 kati ya 100 wakisema wamewahi kuona mzuka au kuwa karibu nao. Hawa hawawezi wote kuwa wanatafuta sifa.

Mhandisi Vic Tandy alikuwa akifanya kazi peke yake usiku katika maabara moja huko Uingereza, akahisi baridi, huzuni, na kitu cha kijivu pembeni mwa jicho lake. Alipogeuka kikatoweka. Kesho yake alibana upanga wake wa michezo kwenye jiliwa, ukaanza kutetemeka wenyewe. Akafuatilia hadi akaikuta feni mpya iliyokuwa ikitoa mawimbi ya sauti ya takriban hezi 19, yaani mitetemo 19 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio husikia. Feni ilipotengenezwa, kitu cha kijivu hakikurudi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1998, na tangu hapo watu wengi hurudia kwamba mizuka ni sauti zisizosikika.

Lakini hata maelezo hayo mazuri yanahitaji kupimwa. Chris French na wenzake huko London walijenga chumba cha majaribio, wakaweka mawimbi hayo na nguvu za sumaku-umeme, wakaingiza watu 79, mmoja mmoja, kwa dakika 50. Matokeo yalichapishwa 2009. Wengi walisema wamehisi mambo ya ajabu: kizunguzungu, mwili kuelea, mtu yuko chumbani. Ila waliyahisi hata mawimbi yalipokuwa yamezimwa. Maelezo yaliyobaki na nguvu ni kwamba walikuwa wameambiwa mapema huenda wakahisi kitu. Sasa mfikirie mtu aliyelipa tiketi, akasimuliwa mauaji yaliyotokea chumbani humo, taa zikazimwa.

Wengine huamka usiku wakiwa hawawezi kusogea, kifua kimekaliwa, na mtu amesimama mlangoni. Sisi tunaliita jinamizi. Hospitali zinalijua: ubongo umeamka, mwili bado umefungwa na usingizi. Popobawa alipoitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, baadhi ya watafiti walifananisha masimulizi ya kukandamizwa kitandani na hali hiyo hiyo.

Na kuna nyumba ambazo kitu kibaya kimo kweli. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyohamia nyumba ya zamani na kuanza kusikia hatua za watu usiku, kuona sura, kuhisi wamefuatwa nyuma. Watoto walipauka, mimea ikanyauka, vichwa vikauma kila asubuhi. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, na moshi wake ulikuwa ukiingia vyumbani na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Tanuri lilipotengenezwa, sauti zikakoma. Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye jiko la mkaa, na kwenye nyanda zetu za baridi inaua watu waliolala na jiko ndani, madirisha yamefungwa. Kwa hiyo kama nyumba yenu ina jiko la mkaa na watu zaidi ya mmoja wanaamka na kichwa kizito, kichefuchefu na habari za mtu aliyetembea usiku, msianze na kinasa sauti. Toeni jiko nje, fungueni madirisha, na anayeendelea kuumwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, aeleze kwamba alilala na mkaa.